Waliomtangulia Masereka

Mama Kasereka alizikwa Jumamosi, na hadi Jumapili mchana mimi nilikuwa bado sijaamua kama nina haki ya kwenda msibani. Nilikuwa mpangaji wake kwa mwaka mmoja tu, miaka sita iliyopita, na tangu nihamie Kasese mjini nilikuwa nimempigia simu mara chache, kila mara nikipanga kwanza nitakayosema. Aliyenipa habari ni mwanawe, Kasereka. "Yaya Biira, mama haiko tena," alisema, akaniita dada mkubwa kama zamani. Nikamuuliza maswali yasiyo na maana: kama mvua ilinyesha wakati wa mazishi, kama watu walikuwa wengi. "Batu beko," akasema, yaani watu wapo. "Weye tu ndiye hauko." Nilikaa kitandani nikiligeuza neno hilo, nijue kama ni lawama au ni mwaliko, mpaka gari nililokusudia kupanda likaondoka, na la pili pia. Nilipofika Bwera, mpakani, jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wa Kongo. Nikachukua bodaboda stendi, na tulipofika mbele ya nyumba nikamwambia dereva anisubiri, kwa kuwa huenda nisingekaa. Hivyo ndivyo nilivyo: siingii mahali kabla sijajua nitatokaje. Na sababu ya kuogopa nyumba ile haikuwa kifo. Kwa miaka sita nilikuwa nimeamini kwamba niliandika kitu kilichomdhuru yule mama, na kwamba hata yeye alikuwa anajua.

Mwaka wenyewe ulianza vizuri. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya fasihi, nikapata kazi ya majaribio katika shirika dogo lililotaka mchezo wa redio kuhusu kifua kikuu. Tatizo lao lilikuwa moja: watu walianza dawa, wakapata nafuu, wakaziacha. Mchezo ulitakiwa uwe wa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachoeleweka pande zote mbili za mpaka, kwa Mkonzo, kwa Mkongo, kwa mwanajeshi na kwa dereva wa lori. Msimamizi wangu aliitwa Kizito, mtu wa Masaka, ambaye Kiswahili chake alikiokota kwa askari na hakukiongezea adabu. "Wewe! Andika! Wapi karatasi? Leta hapa!" Ndivyo alivyozungumza, ingawa moyo wake ulikuwa laini na kila Ijumaa alitununulia maandazi. Tulirekodi Kasese, katika chumba nyuma ya duka la kuchapisha kadi za harusi. Ukutani palipigiliwa magodoro ya sponji ili kuzuia mwangwi, na kwa joto la Kasese kukaa humo kulikuwa kama kulala ndani ya mkate unaookwa. Mimi niliambiwa nikae Bwera, karibu na wasikilizaji, nisikie wanasema nini. Kwa miezi miwili ya kwanza hawakusema lolote.

Chumba changu kilipakana na stoo ya Mama Kasereka, alimohifadhi marobota ya vitenge alivyouza soko la mpakani. Alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, mnene wa mabega, mwenye kicheko kifupi kama mtu anayepuliza jiko. Chumba kilinuka kitambaa kipya. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na mchana wanawake wenzake walipokuja kukaa kwenye marobota, mimi upande wa pili nilisikia kila kitu. Mara nyingi hadithi haikuanza mpaka jambo moja limalizwe. Mmoja alisema, "Mumbere ameoa tena." Mwingine akauliza, "Mumbere gani?" Ndipo kazi ikaanza. Si Mumbere wa Saruji. Si Mumbere Bwana Asifiwe. Ni Mumbere wa Mbwa Wawili. "Aaah! Huyo!" Na hapo wote wakasogea. Huyo wa Mbwa Wawili, nilikuja kujua, hakuwa na mbwa hata mmoja kwa miaka mingi, lakini mbwa walikuwa wameshamshika na hawakumwachia.

Sisi Wakonzo huku, mtoto hapewi jina kwa kupendeza, hupewa nafasi yake. Mtoto wa kiume wa kwanza wa mama ni Mumbere, wa pili ni Bwambale au Baluku, wa tatu ni Masereka, na wengine wanaendelea hivyo. Ukivuka mpaka ni watu walewale na hesabu ileile, ila wa pili wanamwita Kambale na wa tatu Kasereka. Wasichana nao wana foleni yao. Mimi kuitwa Biira kunakueleza, hata kabla hujaniona, kwamba kuna msichana aliyenitangulia. Aliyekufa mchanga naye huhesabiwa. Nafasi yake haichukuliwi na mwingine. Kwa hiyo jina linaeleza mtu anasimama wapi, halielezi ni nani, na katika soko lenye akina Mumbere mia, msimulizi ana kazi ya kumtafutia kila mmoja mbwa wake wawili. Leo naona hilo lilikuwa somo zima la uandishi, nami nililisikia bure kupitia mbao za ukuta. Wakati ule niliona ni kelele zinazonizuia kuandika.

Kwa maana nilikuwa naandika kwa njia ya chuo. Kila mhusika nilimtengenezea kurasa nne: umri, chakula anachopenda, anachokiogopa, alichokiota utotoni. Mhusika mkuu wangu alikuwa dereva wa bodaboda, mwana wa pekee wa mama mjane, ambaye anaugua kifua kikuu na anaacha dawa akijiona amepona. Nilimwita Mumbere. Nilijua rangi ya viatu vyake. Nilijua kwamba anaogopa radi, na nilikuwa nimewaza sana kama hofu ya radi inaafikiana na ujasiri wa kuendesha pikipiki barabara ya milimani ya Kyarumba. Kizito alisoma jina akatikisa kichwa.

"Mumbere wako wengi," alisema. "Hapa ofisini peke yake tuko nao watatu. Dereva atasema tunamsema yeye. Weka Masereka. Inalia vizuri."

"Lakini bosi, Masereka ni wa tatu. Huyu ni mtoto wa pekee."

"Nyabo, dada yangu, jina ni jina! Mimi naitwa Kizito, nani amenipima kilo? Badilisha. Hima, hima!"

Nikabadilisha. Kompyuta ilifanya kazi hiyo kwa kubonyeza mara moja, na maneno "mwana wa pekee" yakabaki palepale, kwenye kipindi cha kwanza, yakisemwa na msimulizi kwa sauti nzito. Sauti ya Masereka ilikuwa ya Baluku, mtu aliyejulikana Bwera nzima kwa kutangaza sokoni kwa kipaza sauti: mbuzi aliyepotea, mkutano wa parokia, sabuni mpya. Sauti ya mama yake nilifanya mimi mwenyewe, maana hatukuwa na mtu mwingine. Kipindi kilirushwa jioni mara moja kwa juma, na siku za soko Baluku alikirudia kwenye kipaza sauti chake baina ya sabuni na mbuzi. Nilisimama kando ya wauza viazi kuangalia nyuso. Watu waliendelea kuchagua viazi.

Chakula cha jioni nilikula kwa Mama Kasereka mara nyingi kuliko nilivyoona ni adabu. Alipika barazani, bugali ya muhogo iliyopigwa mpaka ikang'aa, na sombe ya majani ya muhogo, na siku nzuri makayabu, yule samaki wa chumvi anayelowekwa kutwa. Redio yake ndogo ilikaa dirishani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jioni moja alisikiliza kipindi chetu mpaka mwisho, akaizima kuokoa betri, akaikata bugali na kunisogezea upande mkubwa.

"Bon," alisema. "Huyu Masereka, bakubwa yake beko wapi?"

"Hana wakubwa, mama. Ni mtoto wa pekee."

"Masereka wa pekee?" Akapuliza kile kicheko chake. "Weye Biira uko mutoto wa huku ao umetoka Ulaya? Mumbere iko wapi? Wa pili iko wapi? Mama yake aliwazaa, akawasahau ku soko?"

Sikulala vizuri. Kesho yake nilimkuta Baluku akiwa na malalamiko yake. "Dada, hawa watu wananisumbua. Napita, wananiita, 'Wee Masereka, wapi wakubwa wako?' Yule mama wa samaki amesema Mumbere iko jela Fort Portal. Mwingine amesema hapana, iko Kongo anachimba dhahabu, na amepata bibi wawili. Wamekosana mpaka beseni ya samaki imeanguka. Sasa mimi niwaambie nini? Mimi niko Masereka lakini sijui ndugu zangu!" Alisema hayo kwa uchungu wa kweli. Mimi nilisikia kosa tu. Niliona barua ya kuachishwa kazi. Haikunijia kwamba kwa mara ya kwanza watu walikuwa wamegombana juu ya jambo nililoandika. Na kwamba hawakugombania hofu ya radi wala rangi ya viatu. Waligombania watu wawili ambao sikuwaandika kabisa, ambao waliingia kwenye mchezo kwa sababu jina la mdogo wao liliwaachia mlango wazi.

Nilipomweleza Kizito, alipiga meza. Mgeni kutoka kwa wafadhili alikuwa anakuja mwisho wa mwezi kuwasikia wasikilizaji sokoni, na kama watu hawangekuwa na la kusema, mchezo ungekatwa na kazi yangu ya majaribio ingeishia hapo. Alikuwa ameniambia hayo mapema. "Sasa ndiyo hii!" alisema. "Hao wakubwa wawili wamekufa. Kifua kikuu. Wa kwanza aliacha dawa, akakufa. Wa pili aliacha dawa, akakufa. Sasa wa tatu ataacha? Somo imekwisha! Andika." Nakiri kwamba niliona ni safi. Ilikuwa na umbo. Nilirudi Bwera nikiwa na wepesi ambao sikuwa nao tangu nianze kazi, na nikamweleza Mama Kasereka akiwa anasonga, kama mtu anayeleta zawadi.

Mwiko ulisimama. "Hapana kuua," alisema.

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Alifunika sufuria, akaketi kwenye kigoda, akanieleza bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anayemweleza mteja bei. Alizaa watatu. Kambale alikufa siku ya pili baada ya kuzaliwa, mtawa muuguzi akambatiza, na kaburi lake analijua, liko chini ya parokia, kuna jiwe. Mumbere alikuwa kijana wa miaka kumi na sita siku walipokimbia vita kutoka Butembo. Walikuwa wameshafika barabarani akakumbuka kwamba dumu la maji limebaki nyumbani. Akageuka kulichukua, akasema, ninakuja. "Basi," alisema Mama Kasereka. "Alisema ninakuja." Waliomtafuta hawakumkuta hai, na hawakumkuta amekufa. Miaka ilikuwa imepita mingi. Kasereka, aliyekuwa mgongoni siku ile, alikuwa sasa anapakia mifuko ya saruji kiwandani Hima.

"Kambale amekufa, niko najua pahali amelala. Mumbere sijui. Sasa weye ukimuua ku redio, kila mutu hapa atasikia Mumbere amekufa. Miye nitafanya nini na masikio yangu?"

Nikasema huyo ni Mumbere mwingine, wa kubuni.

"Wa kubuni," alirudia. "Unajua juu ya nini bananiita Mama Kasereka? Mama anaitwa kwa mutoto wa kwanza, si ndiyo? Niliwaambia waache. Mutu akiita Mama Mumbere, ninageuka haraka. Nafikiri anakuja kuniambia kitu."

Nilikuwa nimeishi ukutani kwake nusu mwaka, nimewaza mambo yote duniani, na sikuwa nimewaza hilo. Usiku ule nilijiuliza maswali yangu ya kawaida. Je, mchezo unaandikwa kwa ajili ya mtu mmoja? Je, nikimhurumia mmoja, nitawaua wangapi watakaoacha dawa? Halafu nikaanza kuwahesabu akina Masereka na Kasereka niliowajua, na mbele ya kila mmoja niliweka wale wawili, na nikaona kwamba hakuna nyumba katika bonde lile ambayo foleni yake imekamilika. Mmoja yuko Kampala hapigi simu. Mmoja alivuka. Mmoja alipelekwa hospitali ya mbali. Mama wa samaki hakumpeleka Mumbere jela kwa ubaya, alikuwa anampa mahali pa kukaa.

Tukio nililoandika lilikuwa fupi. Masereka anarudi jioni, anakohoa, mama yake anapakua. Anapakua sahani tatu. Moja anaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka kando ya ukuta.

"Mama, tuko wawili," anasema Masereka.

"Kuhesabu najua. Hiyo ni ya Mumbere."

"Na ya Bwambale?"

"Bwambale nilimzika. Aliyezikwa hali chakula. Huyu hajaniambia kama amekufa." Kisha anamsogezea mwanawe dawa na maji. "Meza. Sahani ya kufunika niko nayo moja tu."

Desturi ya sahani ile sikuiona popote. Niliitoa kichwani nikiwa nimeegemea magodoro ya Kasese, na niliogopa kwamba wazee watasema haipo. Tuliirekodi kwa sahani mbili za bati tulizoazima kwa mwenye duka la kadi; mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anayefunga mlango asiwaamshe wengine. Baluku alimaliza maneno yake akabaki amekaa. "Dada," alisema baadaye, "mimi nitameza hiyo dawa au sitameza?" Nikamwambia sijui bado. "Usinifiche," alisema. Kizito alifungua karatasi, akazipindua nyuma kama aliyepoteza kitu. "Wapi vifo?" Nikasema kwamba kama Mumbere hajafa, watu watarudi kumuulizia, na wakirudi watamkuta Masereka na dawa zake. Akazikunja karatasi. "Sawa. Lakini mgeni akikasirika, wewe utajibu. Mimi niko nyuma yako, mbali."

Siku ya soko mgeni alikuja, mwanamke mpole mwenye kofia pana, hajui Kiswahili. Baluku akapiga kipindi kwenye kipaza sauti. Kilipoisha akauliza kama kuna mwenye la kusema, na hakuna aliyesema. Watu walichagua viazi. Nilitazama viatu vyangu nikipanga maneno ya kumwambia mama yangu kwamba ninarudi nyumbani. Ndipo yule mama wa samaki akapaza sauti kutoka mezani kwake.

"Wee Baluku! Ile sahani iko na nini ndani?"

"Nini?"

"Si umekula pale? Ya Mumbere! Iko na samaki au iko na maharage?"

"Samaki atalala mpaka asubuhi? Ataoza!" akajibu muuza viazi. "Ni maharage hiyo."

"Mtu ametoka Kongo miaka yote hiyo, unamwekea maharage? Ndiyo sababu bwana yako hakai nyumbani!"

Wakacheka, wakagombana, wengine wakaja kuuliza kuna nini, wakaelezwa mchezo wote tangu mwanzo, na walioeleza walieleza vizuri kuliko mimi. Kijana mmoja akasema Mumbere angepaswa kuwa na haya, mtu haachi mama hivi. Mzee mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa ananunua chumvi ya Katwe, hakumwangalia mtu, alisema tu, "Mwambieni huyo Masereka ameze. Mama yake hawezi kufunika mbili." Mgeni alimuuliza Kizito wanabishania nini. "Wanabishania sahani," Kizito akamwambia, na alipoona haelewi akaongeza, "na dawa. Sahani na dawa ni kitu kimoja." Mchezo uliongezewa muda, na mimi pia. Kurasa nne za mhusika wangu nilizitumia kuwashia jiko.

Jioni ile Mama Kasereka alikuwa ameshasikia. Sikuthubutu kumuuliza. Alikula, kisha akasema kwamba yule mama wa redio anaongea kama mwalimu wa shule, mama mwenye njaa na mtoto mgonjwa hasemi sentensi mpaka mwisho. Ndiyo maoni pekee niliyopata. Lakini majuma machache baadaye nilipochelewa kurudi kutoka kurekodi, nilimkuta barazani, taarifa ya habari ndiyo kwanza imekwisha, na kando ya ukuta palikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani. Aliiinua, akanipa. "Kula," alisema. "Imebaki." Nikala, nikiona haya kwa kuwaza makubwa. Tangu siku hiyo, kila nilipochelewa, sahani ilikuwepo, na kila mara ilikuwa imebaki. Nilihangaika kwa namna yangu: kama anapika kingi kwa ajili yangu, kama nimlipe, kama nikikataa atakasirika. Lakini baadhi ya siku niliporudi mapema niliiona palepale ukutani kabla ya habari, imefunikwa, wakati sote tulikuwa tumeshapakuliwa. Siku hizo nilijua kwamba haijabaki. Nilielewa kwamba nimemfundisha mama wa watu kusubiri. Mwaka ulipoisha nikapata chumba Kasese, na nilipoaga sikusema chochote kuhusu hilo. Nilichokifanya baada ya hapo ni kupunguza simu.

Msibani walikuwa wamefunga turubai uani, viti vimeazimwa parokia. Baluku alikuwepo, kichwa kimepata mvi, na vijana waliokuwa watoto mwaka ule walimwita Masereka kana kwamba ndilo jina alilozaliwa nalo. "Dada Biira!" alisema. "Watu bado wananiuliza kama nilimaliza dawa. Nawaambia, si mnaniona?" Wanawake walikuwa wanapakua chakula. Msichana mmoja nisiyemjua, jirani aliyehamia baada yangu, alipakua sahani ya bugali na sombe, akaifunika kwa nyingine, akaiweka kando ya ukuta wa baraza, palepale. Nikamuuliza ni ya nani.

"Ya Mumbere."

"Amepatikana?"

"Hapana, hajapatikana. Ni desturi ya hii nyumba tu. Tangu zamani. Wameitoa kwao Butembo."

Sikumwambia kwamba ninaijua siku desturi hiyo ilipozaliwa. Nilimtafuta Kasereka. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono yake mikubwa ya saruji ya Hima imening'inia bila kazi. Nikamwambia nilichokuja kukisema, vibaya, kwa haraka, nikianza katikati: kwamba sahani ile niliibuni mimi, kwamba sikujua mama yake ataichukua, kwamba nilimpa kitu cha kusubiri, na kwamba kama alikufa akisubiri, mimi…

"Yaya," alinikatiza. "Unafikiri mama alikuwa anasubiri?"

Nikasema niliona sahani kabla ya habari.

"Kabla ya habari, ndiyo. Na kisha ya habari, uliona nini?" Aliniangalia kama anayemsaidia mtoto kujumlisha. "Mbele ya hiyo redio yenu kuanza, mama alikuwa anapika, anakula kidogo, anaacha. Kila siku. Miye nilikomaa na ile. Kisha akaanza kupakua ya Mumbere. Habari zikiisha, anaangalia ni nani amepita hapa bila kula. Mubeba mizigo. Mukimbizi amevuka leo. Weye umetoka Kasese umechoka. Anamupatia, anasema imebaki. Haikulala hata siku moja, ile sahani. Nilimuuliza juu ya nini anafanya ile. Anasema, Mumbere pia, pahali iko, kuna mama mwingine anamupatia." Alipangusa uso kwa kiganja. "Bugali ya Mumbere, weye umeikula miezi na miezi. Hakuna mutu ameikula kukushinda."

Nilikuwa nimemwandika mama anayefunika sahani, nikamwacha hapo, ukutani, kwa kuwa kipindi kilikuwa kimeisha na sikujua afanye nini baadaye. Mama Kasereka ndiye aliyejua afanye nini baadaye. Alimchukua mhusika wangu nilipomfikisha, akamwendesha miaka sita.

Mtu aliwasha redio ya dirishani, ile ile, mpira wa baiskeli umebadilishwa mara sijui ngapi. Watu walisikiliza habari kidogo kidogo huku wakila. Zilipoisha, yule msichana aliinua sahani ya ukutani, akageuka huku na huku chini ya turubai. Wote walikuwa na chakula mikononi. Akamtazama Kasereka, Kasereka akanitazama mimi, lakini mimi nilikuwa nimekula. Ndipo nikamkumbuka dereva wa bodaboda niliyemwambia anisubiri. Nilichukua sahani mikononi mwa msichana, nikatoka nayo barabarani. Alikuwa bado yupo, ameketi kando juu ya pikipiki yake, amejikunyata ndani ya koti, na aliponiona aliwasha taa.

"Tunaenda, dada?"

"Bado," nilisema. Nikafunua sahani. "Kula. Imebaki."